Pikapu Kuvuta Si Hoja

Wasee, tuache kudanganyana. Mtu anataka pikapu mtumba ya kuvuta trela ya kambi, na swali ni moja tu: "Inavuta?" Kuvuta ni rahisi. Mimi nauliza, itasimama ukishuka Mai Mahiu?

Hata Hilux, hiyo mnayoiabudu, mwisho ni kilo 750 kama trela haina breki zake. Kitanda, tangi la maji, jiko, kreti za soda, tayari umepitisha. Na pesa ya breki ishaenda kwa rimu na spika!

Lala chini ya gari, uchafuke. Kagua kutu kwa chasisi, na kama chuma cha kufungia trela kimechomelewa ovyo. Muuzaji akinuna, mwachie gari yake.