Kibuyu chenye kuimba

Juma hili tunawapeleka mbali, mpaka Uchina, kwa habari ya nyenje, yule mdudu mweusi anayelia usiku karibu na jiko.

Sisi tukimsikia tunamtafuta tumfukuze. Wachina walimfuga. Masimulizi yao ya zamani yanasema kwamba katika karne ya 8, wakati wa ufalme wa Tang, wanawake wa jumba la mfalme walikamata nyenje kila baridi ilipokaribia. Waliwafungia katika vizimba vidogo vya dhahabu na kuviweka karibu na mto wa kulalia, wasikie sauti usiku. Watu wa mjini wakaiga.

Tufikiri kidogo. Wanawake wale walikuwa wengi, bwana mmoja, na kutoka nje si kwa kupenda kwao. Dhahabu ilikuwepo. Wa kuwaliwaza usiku alikuwa mdudu.

Baadaye vyombo vikawa vya namna nyingi. Wakati wa joto nyenje alikaa katika chungu cha udongo, maana udongo hutunza ubaridi, akawekewa visahani vya maji na chakula. Wakati wa baridi alihamia katika kibuyu, na mwenyewe alikitia kifuani, ndani ya nguo, apate joto. Kifuniko kilichongwa kwa pembe ya ndovu au mti mzuri, kikatobolewa kwa maua ili sauti itoke.

Na pambo la kibuyu? Halikuchorwa tu kwa kisu. Kibuyu kikiwa kichanga shambani, kilifungwa ndani ya kalibu yenye picha. Kilipokua kikajaza kalibu, na picha ikabaki juu ya ganda. Kikishakauka, hakibadiliki tena. Ndiyo maana wazee wetu walisema: samaki mkunje angali mbichi. Mwenye mtoto mdogo nyumbani amesikia.

Lakini tusiwasahau wale wa vizimba vya dhahabu. Katika kila kikundi chetu yuko dada ambaye nyumba yake ina kila kitu, na siku tatu zinapita bila mtu kumuuliza ameamkaje. Tukitoka mkutanoni juma hili, wawili wetu wapite kwake. Wasiende na shauri. Waketi, wanywe chai, wamsikilize.