Kumbukumbu za madereva wa malori zihifadhiwe

Historia ya uchukuzi nchini mwetu imeandikwa kwa wino wa reli. Hapana mwanafunzi asiyejua habari za njia ya garimoshi iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Amesimuliwa habari za simba wa Tsavo, na akifika Nairobi anaweza kuingia katika jumba la makumbusho ya reli ambalo limekuwapo tangu mwaka 1971. Reli inastahiki heshima hiyo. Lakini mwanafunzi huyo huyo hana kitabu wala chumba cha makumbusho kitakachomweleza ni akina nani walioendesha malori kutoka Kilindini hadi Malaba, walivyopakia, walikolala, walicholipwa na walivyozungumza. Wenye habari hizo ni wazee wetu waliostaafu. Aliyeshika usukani akiwa kijana wa miaka ishirini mwanzoni mwa uhuru sasa amepita themanini.

Nizungumziapo madereva hawa siwakusudii hasa wale wa makampuni makubwa ambayo faili zake huenda bado zipo katika ofisi fulani. Nawakusudia waliofanya kazi katika kampuni za wenyeji: mtu na ndugu yake, lori moja likazaa mawili, mawili yakazaa kumi, karakana ikawa Changamwe, Nakuru au Eldoret, na jina la mwenye mali likachorwa mlangoni. Katika kampuni kama hizo mwajiri aliwajua madereva wake kwa majina ya baba zao. Mkataba ulikuwa mdomoni. Kampuni ilipofilisika, au mwenyewe alipofariki na warithi wakauza magari kuwa vyuma chakavu, madaftari aghalabu yalitupwa pamoja na matairi yaliyokwisha. Kwa hiyo, mtafiti anayetaka kuijua kampuni ya namna hiyo hana makavazi mengine ila vichwa vya wazee.

Nami nimewasikiliza wazee kadhaa wa kazi hii, baadhi yao Changamwe na wengine Mariakani, na kwa kuwa kazi yangu ni lugha, sikio langu lilivutwa kwanza na maneno. Kwa haraka mtu angedhani kwamba lugha ya lori yote ni ya kuazima kwa Waingereza: lori lenyewe, breki, gia, klachi, tairi, trela, jeki, spana. Hayo ni majina ya vyuma. Sikiliza kazi yenyewe inavyotajwa, utajikuta baharini. Usukani ulikuwa wa chombo kabla ya kuwa wa gari. Shehena ilikuwa ya jahazi. Kuegesha ni kukileta chombo kando ya gati. Hata leo basi likiondoka kituoni, mwandishi wa gazeti husema limeng'oa nanga, ingawa abiria wote wamekalia lami! Watu wa pwani walipopokea chombo kipya cha nchi kavu walikivika msamiati waliokuwa nao, na madereva wakaubeba hadi Uganda, Rwanda na mashariki ya Kongo. Tunawafundisha wanafunzi kwamba Kiswahili kilienezwa bara na misafara ya biashara, wamishonari, reli na majeshi. Dereva wa lori, aliyekilala na kukiamkia njiani kwa wiki nzima pamoja na watu wa makabila kumi, humsikii akitajwa.

Barabara nayo imetoa majina ya miji. Mlolongo, pale karibu na Athi River, yasemekana ulipata jina lake kutokana na malori yaliyojipanga kungoja zamu ya kupimwa kwenye mizani. Jina hilo limebaki katika ramani. Habari za waliopanga foleni hazipo popote.

Jambo la pili lililonivutia ni matumizi ya viwakilishi. Mzee aliyeendesha lori la mtu mwingine kwa miaka ishirini na mitano husema "gari langu". Halisemi kwa majivuno. Husema alipewa gari, na siku alipoachishwa kazi husema alinyang'anywa gari, kana kwamba mshahara haukuhusika. Akisimulia miaka mizuri, kampuni ni "sisi": sisi tulibeba saruji, sisi tulifika Kampala kabla ya wengine. Akifika penye malipo ya mwisho, "sisi" hugeuka kuwa "wao". Mpito huo mmoja wa nafsi unaeleza uhusiano wa mwajiri na mwajiriwa kuliko kurasa nyingi za ripoti. Tena ajali ikitajwa, breki ndizo zilizokataa. Kiswahili kinamruhusu dereva kusema hivyo bila kudanganya na bila kujilaumu, na msikilizaji mwerevu atauliza: breki hizo zilikaguliwa lini, na nani, na nani alikataa kununua mpya?

Nimelitaja hilo kwa makusudi. Katika miteremko ya Salgaa na Sachangwan tumezika watu wengi. Mamlaka zimewalaumu mara kwa mara madereva wanaoliachia gari literemke bila gia ili kuokoa mafuta. Lawama hiyo haikosi ukweli, na mafuta yanayookolewa mara nyingine huuzwa kando ya barabara. Hata hivyo, ukimwacha mzee aeleze kwa utaratibu wake, atakueleza pia mafuta ya safari yalivyopimwa kwa kibaba, posho ilivyokuwa ndogo, na anayechelewa alivyopata mashaka. Hapo tabia inaanza kuwa na historia. Sisemi inakuwa halali.

Sisi wa vyuo vikuu hatujawatendea haki. Katika miaka ya 1980 na 1990 watafiti waliwafuata madereva wa barabara kuu ya Mombasa hadi Kampala kwa wingi, na swali lilikuwa moja: ukimwi. Utafiti huo ulikuwa wa lazima na bila shaka uliokoa maisha. Matokeo yake lakini ni kwamba sehemu kubwa ya maandishi ya kitaaluma kuhusu dereva wa lori inamwona kama njia ya kupitishia maradhi. Mwaka 2020, janga la korona lilipoingia, msamiati ule ule ulirudi, na foleni ya malori Malaba ikawa ndefu kupindukia huku madereva wakingoja kupimwa. Mtu anayeulizwa damu yake tu kwa miaka arubaini ana haki ya kutushuku tukija na kinasa sauti.

Wanayo mengine ya kusema. Wamo waliokuwa wakipeleka mizigo hadi Zambia kwa kupitia Tanzania, mpaka mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka wa Namanga kufungwa; haukufunguliwa tena hadi mwaka 1983. Vitabu vya historia vinaueleza mzozo huo kwa majina ya marais watatu. Dereva anaueleza kwa safari aliyoizoea ikakoma. Na yuko taniboi, ambaye Watanzania humwita utingo: yeye aliyeruka chini na kabari ya mti kulizuia gurudumu mlimani, akalala juu ya turubai kulinda shehena, akajifunza udereva kwa kutazama. Huyu hata katika masimulizi ya madereva hutajwa kwa nusu sentensi. Atafutwe naye.

Kumbukumbu hudanganya. Kila mzee husifu enzi zake. Barabara ya zamani huwa mbaya zaidi kila inaposimuliwa, na tajiri aliyemfukuza mtu bila senti hugeuka kuwa baba mwema akishakufa. Basi wasikilizwe wawili watatu waliofanya kazi pamoja, na tofauti zao zihifadhiwe bila kusawazishwa. Isitoshe, masimulizi haya yana uzito nje ya taaluma. Hazina ya Taifa ya Malipo ya Uzeeni imekuwapo tangu mwaka 1965, lakini mwajiri asipowasilisha makato na madaftari yake yakapotea, dereva habaki na ushahidi ila kauli ya mwenzake aliyekuwa naye karakanani. Kila mwenzake anapozikwa, shahidi mmoja amekwenda.

Walimu wenzangu wana nafasi nzuri kuliko sisi. Silabasi ya Kiswahili ya shule za upili katika mfumo wa 8-4-4 iliweka sajili katika isimujamii na utafiti wa nyanjani katika fasihi simulizi. Tumefundisha sajili ya hospitali, ya mahakama na ya matatu hadi wanafunzi wakazikariri, na nyanjani tumewatuma kutafuta vitendawili vilivyomo tayari kitabuni. Mwalimu wa Mariakani, Voi, Mtito Andei, Emali, Gilgil au Webuye hana haja ya nauli. Miji hiyo ilikua na malori, na baadhi yake ilitikisika treni mpya ilipoanza kubeba makasha mwaka 2018 na serikali ilipojaribu mwaka uliofuata kuyalazimisha yote yapande reli, watu wa Mombasa wakaandamana.

Mwanafunzi amwendee mzee kwa adabu, amwombe ruhusa, amweleze kanda itakaa wapi na nani ataisikia. Aanze na lori lenyewe: lilikuwa la aina gani, lilibeba tani ngapi, nani alipakia. Aandike maneno kama yalivyotamkwa, asiyasafishe yawe Kiswahili cha mtihani. Idara za Kiswahili na za historia katika vyuo vyetu ziwe tayari kuzipokea kanda hizo na kuziorodhesha, na nakala moja arudishiwe mzee mwenyewe, pamoja na maandishi yake yaliyochapwa na kutiwa tarehe, ili akienda kudai haki yake awe na karatasi mkononi.