Sindano ya MS: Wauzaji waliongezeka, bei ikapanda

MKULIMA wa nyanya wa Ilula hahitaji kufundishwa kuhusu soko. Siku ambayo kila mtu amevuna, tenga huuzwa kwa bei ya kutupa. Soko la sindano za interferoni, dawa ya ugonjwa wa MS, limekwenda kinyume kabisa.

Katika MS, kinga ya mwili hugeuka na kushambulia utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo, mithili ya waya wa umeme uliochunika. Kwa walio wengi ugonjwa huja na kuondoka: mguu huishiwa nguvu au jicho huona ukungu, mgonjwa hupata nafuu, kisha hurudiwa. Interferoni haiponyi. Hupunguza marudio hayo kwa karibu theluthi moja, na wengi hupata homa kama ya mafua baada ya kujichoma.

Ya kwanza, Betaseron, iliruhusiwa Marekani mwaka 1993, ikiwa adimu kiasi kwamba wagonjwa waligawiwa kwa bahati nasibu. Avonex ikafuata mwaka 1996 na Rebif mwaka 2002. Dawa za MS za kizazi hicho zilianza kwa Dola 8,000 hadi 11,000 kwa mwaka. Kufikia mwaka 2013 zilikuwa kama Dola 60,000. Dawa ni ileile.

Sababu kubwa ni kwamba anayetumia siye anayelipa. Bima hulipa, na mgonjwa haulizi bei kama mtu anayefungua pochi yake. Kila dawa mpya ilipoingia kwa bei ya juu, za zamani nazo zilipandishwa kuifuata badala ya kushushwa ili kuvuta wateja. Tena, sheria ya mwaka 2003 iliizuia bima ya serikali ya wazee na walemavu kujadiliana bei na viwanda. Zuio hilo lilianza kulegezwa mwaka 2022 tu.

Uingereza, ambako serikali ndiyo mnunuzi mkuu, ilijaribu njia nyingine mwaka 2002. Taasisi yake ya kupima thamani ya dawa, NICE, ilisema faida hailingani na bei. Serikali ikaingia mkataba na kampuni nne: wagonjwa wapewe dawa, wafuatiliwe miaka kumi, na matokeo yakiwa hafifu bei ishuke. Wazo zuri, ila matokeo ya kwanza yaliyotoka mwaka 2009 yalikuwa chini ya matarajio na bei haikuguswa. Wasimamizi walisema ni mapema mno. Hesabu za baadaye ziliipa dawa alama nzuri zaidi.

Kwa Afrika Mashariki, jambo la karibu ni la Julai 2023. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliingiza dawa tatu za MS katika orodha ya dawa muhimu, ambayo nchi hutumia kupanga manunuzi yake. Interferoni haimo. Imo rituksimabu, inayotolewa kwa dripu na kutengenezwa na viwanda kadhaa, vikiwamo vya India.