Mzamiaji Akisema Mguu Umekufa Ganzi

Sisi wa Ualimu tunafundishwa kuanza somo na kile anachokijua mwanafunzi. Halafu tunapelekwa shule za pwani kufundisha Kanuni ya Boyle kwa pampu ya baiskeli! Kwenye mazoezi ya kufundisha huko Unguja, nusu ya darasa langu walikuwa na kaka au mjomba anayezamia majongoo bahari kwa mtungi wa hewa. Na wote wanamjua mtu aliyepanda mzima, akala, jioni miguu ikagoma. Eti kapigwa na shetani wa bahari. Mganga anaitwa, masaa yanakwenda.

Jamani, maelezo yapo. Mita 10 chini ya maji kanieneo ni mara mbili ya huku juu. Mita 30, mara nne. Naitrojeni ya hewa unayovuta kule chini inayeyuka mwilini. Ukipanda polepole unaitoa kwa kupumua. Ukipanda mbio, mwili unakuwa soda iliyotikiswa ikafunguliwa: mapovu. Yakikaa kwenye maungio, bega au kiwiko kinauma. Yakifika uti wa mgongo ndo ganzi, miguu kulegea, mkojo kukataa kutoka. Dalili nyingi hutokea ndani ya masaa sita, lakini nyingine huja hata kesho yake, ndiyo maana watu hawaziunganishi na kuzamia.

Nilifungua soda mbele ya darasa. Kijana mmoja akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo kaka akipanda taratibu hapati?" Nikamwambia hatari inapungua, haiishi, akizama mara nyingi kwa siku moja inarudi kupanda. Akanyamaza. Kaka yake analipwa kwa alichotoa, si kwa masaa aliyopumzika.

Kwa maoni yangu, mtoto wa pwani asimalize sekondari bila kujua haya: mgonjwa alazwe chali, apewe oksijeni tupu mapema iwezekanavyo, asipandishwe ndege ya kawaida. Asikandwe tu na kupewa dawa ya maumivu. Asirudishwe majini "kuyeyusha mapovu", maana kule anaweza kuzidiwa na kufa maji. Tiba yenyewe ni chemba maalumu ya kanieneo, na hazipo nyingi, kwa hiyo simu ipigwe mara moja. Na hospitali waambiwe mlangoni, kabla ya jambo lolote: alizamia kwa mtungi, kina hiki, mara ngapi, alitoka majini saa ngapi. Wasipoambiwa, watamtibu kiharusi.