MWANGA WA KADIMI UNATUHUSU NINI SISI WA TUKUYU?



Juzi niko kafe nasoma habari ya leza mpya ya China, jamaa wa kompyuta ya pembeni akachungulia, akacheka: "Kaka, hiyo itapandisha bei ya ndizi?" Jibu langu hili hapa.

Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tsinghua walitangaza leza ya nanomita 148 inayowaka bila kukatika. Mwanga huo jicho haliuoni, na hewa inaumeza, kwa hiyo lazima upite kwenye ombwe. Wameupataje? Walichemsha kadimi, metali ya kwenye betri za kuchaji za zamani, ikawa mvuke. Humo wakapitisha leza mbili, ya nanomita 375 na ya 710. Mvuke unajumlisha nguvu za chembe mbili za mwanga wa kwanza na moja ya wa pili, inatoka chembe moja yenye nguvu ya zote tatu. Kama mchango wa harusi vile! Mwanga wenyewe ni kiduchu, nanowati 100 na ushee, ila mawimbi yake yanakwenda hatua moja kama gwaride.

Wanautakia nini? Saa. Kiini cha thoriamu-229 kinaamshwa na mwanga huo huo. Mwaka 2024 Ujerumani, Austria na Marekani walikiamsha kwa leza za mapigo-mapigo, lakini saa nzuri inataka mwanga usiokatika.

Na saa nzuri inapima hata urefu wa mlima, maana juu muda unakwenda haraka kuliko bondeni. Wajapani walilionyesha hilo mwaka 2020 kwenye mnara wa Tokyo Skytree, saa moja chini, nyingine mita 450 juu. Saa bora kabisa za maabara zinahisi hata sentimita moja.

Sasa chungulia dirishani. Kyejo ililipuka mara ya mwisho karibu mwaka 1800, na volkano mara nyingi huvimba kabla ya kulipuka. Saa ya thoriamu bado inajengwa, lakini siku ikiweza kubebwa, milima kama yetu ndiyo mahali pake.

Nani ataisoma? Mimi mwanga nimeusoma ubaoni mpaka kidato cha nne, leza sijaigusa. Tukiendelea hivi, saa itakuja na mtaalamu wake, sisi tutabeba mizigo.

Kaka, ndizi hazitapanda bei. Ila mlima ni wetu, vipimo vitakuwa vya nani?

Tiririkeni hapo chini.