Baleti Haikuzaliwa Peke Yake

Imeenea miongoni mwa walimu wengi wa baleti, na zaidi miongoni mwa wazazi wanaowapeleka watoto wao kujifunza, itikadi isemayo kwamba mwanafunzi aliyeazimia kufika daraja ya juu katika fani hiyo sharti ajitenge na kila dansi nyingine. Kwamba mwili uliozoezwa kutuama ardhini hautainuka tena kwa wepesi, na nyonga iliyofuata midundo ya jazi haitarudi kugeuka nje kama kaida inavyotaka. Itikadi hii husemwa kwa heshima kubwa, kana kwamba ni amana iliyopokewa kwa mabingwa wa kale, nami nasema kwamba mabingwa hao hawakuifuata wala hawakuifundisha, na kwamba inawadhuru wanafunzi.

Na tuitazame shule ambayo watetezi wa usafi wa baleti hawaachi kuitaja, ile ya Saint Petersburg iliyoasisiwa mwaka 1738 na ambayo leo ina jina la Agrippina Vaganova. Humo mwanafunzi hufundishwa, pamoja na baleti yenyewe, dansi za mataifa zilizotengenezwa kwa jukwaa na dansi za kale za makasri. Alexander Shiryaev, aliyecheza chini ya mtungaji Marius Petipa, ndiye aliyezipangia dansi hizo za mataifa mazoezi yenye utaratibu, kisha akashirikiana na wenziwe wawili kuyaandika katika kitabu kilichotoka mwaka 1939. Sababu ya kuzifundisha ni dhahiri kwa yeyote aliyetazama tendo la karamu ya kasrini katika baleti ya Swan Lake, kama lilivyotungwa na Petipa na Lev Ivanov mwaka 1895, ambamo zimo chardashi ya Kihungari, mazurka ya Kipolandi, dansi ya Kihispania na ya Napoli. Chardashi huanza taratibu, kwa kiburi: mchezaji amevaa kiatu chenye kisigino, uzito ameushusha, mkono mmoja kiunoni na mwingine kisogoni, na visigino vyake hugongana mwishoni mwa kila kipande, mara muziki hukimbia, naye hana budi kukimbia nao pasipo kuupoteza ule uzito. Aliyefunzwa kupaa tu huigusa sakafu kana kwamba anaiogopa, na kasoro hiyo huonekana hata na mtazamaji aliyeketi safu ya nyuma kabisa.

Hata mchezaji mashuhuri wa baleti Rudolf Nureyev, aliyekulia mji wa Ufa, alianza kwa ngoma za Wabashkiri, wala hakuingia shule hiyo ya Leningrad, yaani Saint Petersburg ya leo, mpaka mwaka 1955, akiwa na umri wa miaka 17, umri ambao wengi hukaribia kuhitimu. Naye mwaka 1975, jina lake likiwa limekwisha kuenea duniani, alikwenda kucheza kazi ya Martha Graham, bingwa wa dansi ya kisasa, ambaye mafunzo yake huanzia katika kukunja kiwiliwili na kuanguka. Mtungaji George Balanchine, zao la shule hiyo hiyo, alitunga dansi za Broadway na mwaka 1940 akafanya kazi na Katherine Dunham, mtungaji wa dansi ya kisasa. Na alipotunga Agon mwaka 1957 kwa muziki wa Stravinsky, dansi ya wawili aliwapa Diana Adams na Arthur Mitchell, kijana wa Harlem aliyekuwa amejifunza dansi ya kugonga viatu na dansi ya kisasa. Je, hao nao walichafuka?

Hoja moja ya wapinzani ina uzito: miaka ya mwanafunzi ni michache, na mguu haupati ukakamavu wa kusimamia ncha za vidole ila kwa mazoezi ya kila siku. Walakini hakuna anayetaka mazoezi hayo yapunguzwe mpaka yadhoofike. Linalotakiwa ni masomo machache katika juma, yanayoyapa maungo kazi ya namna nyingine badala ya kuyarudisha daima kwenye mkao ule ule, na yanayolizoeza sikio midundo ambayo piano ya darasani haiipigi. Na haja hii leo ni kubwa kuliko zamani. Baleti ya Opera ya Paris imekuwa ikiicheza tangu mwaka 1997 kazi ya Pina Bausch juu ya muziki wa Stravinsky, The Rite of Spring, ambapo wachezaji huwa pekupeku juu ya jukwaa lililofunikwa udongo. Nayo mashindano ya Prix de Lausanne humdai kila kijana aonyeshe dansi ya kisasa pamoja na ya kale. Kumfungia mwanafunzi ndani ya baleti peke yake, kisha kumpeleka mbele ya waamuzi wa namna hiyo, ni dhuluma, hata kama imefanywa kwa mapenzi.

Kwa hiyo nawasihi wazazi, kabla ya kulipa ada, wamwulize mwalimu ni dansi gani nyingine zinazofundishwa pale. Na iwapo atajibu kwa fahari kwamba hakuna, basi wamtafutie mtoto wao mwalimu mwingine.