MAONI YETU: PANELI NAYO INATAKA HEWA

Taa za ghala siku hizi zinazimika mapema. Wengine wanasema fedha za alizeti zinunue paneli nyingine. Sisi tunasema: ngojeni kwanza.

Panda ngazi saa nane mchana, uguse bati. Mkono unakaa? Basi paneli zetu zimelalia bati hilo hilo! Paneli inapenda mwanga, haipendi joto. Kila digrii moja ikizidi 25, inapoteza kama sehemu 0.4 katika 100 ya nguvu yake. Ikifika digrii 65, sehemu 16 zimekwenda. Jamani, hiyo si hasara ndogo.

Joto huondoka na upepo, na pia kwa miale isiyoonekana iitwayo infraredi. Umande wa alfajiri juu ya bati ni ushahidi: usiku bati limerusha joto lake angani mpaka likapoa kuliko hewa. Mwaka 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitengeneza utando mwembamba uliofanya hivyo hata mchana juani: ulipoa digrii 4.9 chini ya hewa, bila umeme.

Utando huo hatuna. Upepo tunao, tena bure. Tuinue paneli shubiri moja juu ya bati, hewa ipite chini, na vumbi tulifute. Hatutarudisha zote 16, lakini tutapata sehemu yake kwa gharama ya mbao na misumari tu. Taa zikizidi kuzimika, hapo ndipo tuzungumze kununua.

Fedha za alizeti ni jasho letu. Tusizichome juu ya bati.